Maji ya Kayole na Udongo wa Murang'a

Mkaazi wa mtaa wa Kayole au Dandora jijini Nairobi, anunuapo mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi wa mkokoteni siku ambayo bomba la kwao limekauka, aghalabu huilaumu kampuni ya maji au mvua iliyokawia. Ni nadra fikira zake kupanda hadi mashamba ya mteremkoni Murang'a. Na hali takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la juu la mto Tana, yalimo mashamba hayo, na sehemu iliyo kubwa hukusanywa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, kisha yakasafishwa katika mtambo wa Ng'ethu kabla ya kuteremkia mjini.

Shamba likiachwa tupu baada ya mavuno, masika hulikuta halina kinga: matone huuvunjavunja udongo, chembe zake zikaziba vitundu vya ardhi, na maji ambayo yangalinywea chini, yakachuruzika polepole hadi mtoni wakati wa kiangazi, huporomoka yote kwa siku moja yakiburura tope. Mkulima hupoteza rutuba yake. Ng'ethu hutumia shabu zaidi kuyatuliza maji. Na Januari, mto ukipungua, mitaa ya Umoja na Buruburu hungoja zamu ya mgao. Dawa yake yajulikana tangu zamani, nayo ni kuufunika udongo kwa fiwi, ambazo Nairobi twaziita njahi, au kwa viazi vitamu, na kupanda nyasi za nepia kwenye kingo za matuta. Lakini kuchimba matuta ni kazi ya sulubu, na mwenye nusu ekari hawezi kutoa jasho leo kwa faida ambayo sehemu yake kubwa itanywewa na mtu asiyemjua.

Wakoloni walijaribu kumlazimisha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wanawake wa Murang'a, waume wengi wakiwa vibaruani mjini, wengine wakilala katika mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo, walichimbishwa matuta kwa amri ya machifu, hata mwaka 1948 wakaandamana na kukataa katakata. Hawakuwa maadui wa udongo wao. Walikataa kufanyishwa kazi bila ridhaa wala ujira.

Ndiyo maana naithamini sana hazina ya maji ya Upper Tana-Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa juhudi za shirika la The Nature Conservancy, likishirikiana na kampuni ya maji ya Nairobi, kampuni ya umeme ya KenGen na viwanda vya vinywaji. Mkulima hupata miche ya parachichi, vipando vya nepia, mafunzo, na karatasi nzito ya plastiki ya kutandikia kidimbwi cha kuvunia mvua. Nepia hulisha ng'ombe, parachichi huuzwa, na tope hubaki shambani. Hesabu za waasisi zilionyesha kuwa dola milioni 10 zikitumiwa hivyo zingerudisha dola milioni 21.5 katika miaka 30. Naivasha nako, mwaka 2010, watumiaji wa maji wa chini ya bonde waliwapa wakulima wa juu vocha za kununulia pembejeo. Na huko Marekani, jimbo la Maryland huwalipa wakulima kwa kila ekari wanayoifunika kwa ngano au shayiri wakati wa baridi, ili mbolea isiingie katika ghuba ya Chesapeake.

Malipo haya kwa wakulima si sadaka, ni bei halali ya kitu tunachokunywa, na kwa insafu yafaa yaandikwe waziwazi katika bili ya maji. Ila sharti mnunuzi wa mtungi wa Kayole, ambaye kwa kila lita hutoa fedha nyingi kuliko mwenye bomba katika mtaa wa kitajiri wa Lavington, asiongezewe hata senti moja. Viwanda na nyumba zinazonyunyizia bustani vitangulie kulipa.