Mbwa wako mdogo ananyonyoka manyoya? Soma haya kabla ya kununua dawa

Siku hizi si ajabu kukuta mbwa mdogo wa manyoya marefu amelala barazani Rwamishenye au Kashai, wakati kule Kamachumu na Nshamba mbwa aliyezoeleka ni yule wa kienyeji anayelinda kibanja na mbuzi. Wote wawili hukutwa na tatizo moja: manyoya yanaanza kunyonyoka, ngozi inakuwa nyekundu au inatoa magamba, na mwenye mbwa haelewi chanzo. Kuna anayemfukuza, kuna anayempaka oili chafu ya gari, na kuna anayeomba kwa jirani dawa iliyobaki ya ng'ombe. Hiyo ya mwisho inaweza kumuua mbwa wa kilo tatu au nne kwa siku moja tu.

Msikilizaji wetu, kunyonyoka manyoya ni dalili tu, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine. Kwa hiyo anza kwa kumwangalia mbwa wako vizuri.

Je, anajikuna au hajikuni?

Hili ndilo swali la kwanza.

Kama anajikuna usiku na mchana, shuku upele wa mbwa. Huletwa na utitiri uitwao Sarcoptes scabiei, mdogo kiasi kwamba huuoni kwa macho, unaochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Shika ukingo wa sikio na uusugue taratibu kati ya vidole vyako. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna wenyewe, upele unashukiwa zaidi. Huambukiza mbwa wengine haraka. Binadamu anayembeba mbwa huyo naye hutokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, ingawa utitiri wa mbwa haudumu kwa mtu, na muwasho huisha mbwa akitibiwa.

Kama anajing'ata zaidi mgongoni karibu na mkia, tafuta viroboto. Chana manyoya yake juu ya karatasi nyeupe yenye majimaji. Ukiona vidoa vyeusi vinavyogeuka vyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na wekundu huo ni damu ya mbwa. Viroboto wengi zaidi wako nje ya mbwa wakiwa mayai na mabuu: kwenye vumbi la sakafu, magunia na nyasi anazolalia. Ukimwogesha mbwa ukaacha malalo yake, watarudi.

Angalia pia nyayo na katikati ya vidole. Funza tunaowafahamu sana huku kwetu huingia kwa mbwa kama wanavyoingia kwa mtu, na mbwa mwenye funza huwarudisha uani wanakochezea watoto.

Kama hajikuni sana

Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba pembeni, mara nyingi ni fangasi wa jamii moja na wale wa mapunye. Hawa huambukiza watu, watoto zaidi. Mtoto asilale na mbwa huyo mpaka atibiwe.

Mtoto wa mbwa mwenye umri wa kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja, anayenyonyoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, huenda ana utitiri wa aina nyingine, Demodex. Huupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Hauambukizi watu. Mabaka yakiwa machache, mara nyingi hupona yenyewe mbwa anapokua na kula vizuri. Yakienea mwili mzima na kutoa usaha, huo ni ugonjwa mkubwa unaohitaji daktari.

Kwa mbwa mtu mzima, manyoya yakipungua pande zote mbili za mwili kwa kulingana, bila muwasho, tatizo linaweza kuwa homoni. Mbwa wadogo wa aina ya Pomeranian wanajulikana kwa hali hiyo. Hapo dawa ya upele haitasaidia kitu.

Usisahau chakula. Mbwa anayelishwa ugali au ndizi tupu kila siku hukosa protini na mafuta, na manyoya yake huwa makavu na hukatika. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria, waliopikwa bila chumvi nyingi, ni msaada wa bei nafuu.

Kwa nini dawa ya ng'ombe inaua

Dawa ya sindano ya ivermectin inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe kwa kawaida ni ya asilimia 1. Mililita 1 imekadiriwa kwa ng'ombe mwenye uzito wa kilo 50. Ukimchoma mililita hiyo mbwa wa kilo 5, umempa mara kumi ya kipimo hicho. Matokeo yake yanaweza kuwa kuyumba, kutetemeka, kutoona, kutokwa udenda, hata kupoteza fahamu. Na mbwa wa jamii ya Collie, pamoja na machotara wao, wanaweza kudhurika hata kwa kiasi kidogo.

Dawa ya josho nayo hupita kwenye ngozi, na mbwa huimeza anapojilamba. Oili chafu huunguza ngozi, na akiilamba huharibu ini na figo. Vidonge vya prednisolone vinatuliza muwasho, lakini huwapa fangasi na utitiri nafasi ya kuenea.

Ufanye nini?

Mtenge mbwa na wenzake. Choma au badilisha malalo yake, fagia na mwagia maji vumbi. Mwogeshe kwa sabuni ya kawaida isiyo kali na umsuuze vizuri. Kisha mpime uzito: jipime ukiwa umembeba, jipime mwenyewe, utoe. Namba hiyo ndiyo daktari atakayoihitaji.

Muone afisa mifugo wa kata yako au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Daktari wa mifugo anaweza kukwangua ngozi kidogo na kuangalia kwa hadubini. Panapohitajika kipimo zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) ana kituo Mwanza. Tiba ya upele hurudiwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai huendelea kuanguliwa. Ukiacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuwa muwasho umepungua, unaanza upya. Mbwa wote wa nyumbani watibiwe pamoja.

Neno kuhusu kichaa cha mbwa

Kunyonyoka manyoya si dalili ya kichaa cha mbwa, hivyo usikubali mbwa auawe kwa sababu hiyo tu. Ila mbwa mwenye maumivu huuma anaposhikwa. Akikuuma, au akimuuma mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiwa kwa afisa mifugo, uliza kama chanjo ya mbwa wako ya mwaka huu imeshapita.