Mkoba wa Ngozi ya Mamba na Hati Yake

Wakimbiaji wa Eldoret huenda kushindana katika nchi za mbali, na wafanyabiashara wake huvuka mipaka kutafuta bidhaa. Warudipo, mara nyingi mama au mke huletewa zawadi ya mkoba au viatu. Yafaa ijulikane kwamba zawadi hiyo ikiwa ya ngozi ya mamba au chatu, si mzigo kama mizigo mingine.

Zamani haikuwa hivyo. Ngozi za wanyama wa porini ziliuzwa waziwazi katika maduka ya Kenya, hata Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na kuifunga biashara ya nyara mwaka 1978. Mwaka huo huo Kenya iliridhia mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 3 Machi 1973, yaitwayo kwa kifupi CITES. Mapatano hayo hayakatazi kila ngozi. Chui yumo katika orodha ya kwanza, yenye masharti makali kabisa. Mamba wa Kenya, chatu na mbega wamo katika ya pili, na ngozi zao huvuka mpaka kwa hati.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimshiki muuzaji peke yake. Mtu akikutwa na nyara bila kibali ana hatia, na sheria hiyo iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja. Kusema “niliuziwa” si kibali. Hata ngozi ya mbega iliyorithiwa kwa babu yafaa iulizwe katika ofisi ya KWS kabla ya kuuzwa.

Walakini si kila kiitwacho mamba ni mamba. Ngozi ya ng'ombe hugongwa chapa ya magamba, na mnunuzi akitazama vizuri ataona mchoro ule ule ukirudiarudia. Magamba ya mamba halisi hayalingani, na yale ya tumboni yana kitundu kidogo kama cha sindano.

Ikiwa ni mamba kweli, maswali yaulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni: mnyama alitoka nchi gani, na hati ya kumtoa iko wapi? Ngozi mbichi husafiri na kibandiko chenye herufi za nchi, mwaka na namba; ikishashonwa kuwa mkoba kibandiko hakipo tena, na karatasi ndiyo shahidi. Mapatano humlegezea msafiri mwenye vitu vyake visivyozidi vinne vya ngozi ya mamba, lakini kila nchi yaweza kukaza, kwa hiyo KWS waulizwe kabla ya safari, wala si uwanjani mzigo ukiwa mkononi.

Na asiyetaka kuhangaika maofisini aende Kisumu. Huko ngozi ya mbuta hutengenezwa viatu na mikoba, nayo ina alama zake za magamba. Samaki huyo hayumo katika orodha za CITES.