Boyi hakuwa mtoto

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza "boy", ambalo kila mwanafunzi hulifasiri "mvulana", halikuanza na maana hiyo? Katika maandishi ya zamani ya Kiingereza, yapata miaka 700 iliyopita, lilimaanisha mtumishi, mtu wa tabaka la chini. Mtoto wa kiume alikuja baadaye. Asili ya neno lenyewe bado inabishaniwa. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na neno la Kifaransa cha kale la mtu aliyetiwa pingu.

Neno hilo lilifika hata Kongo. Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami huko, ni mji wa Kiluba, Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza wengi hukutana nacho shuleni tu. Lakini "boyi", yaani "boy" kwa matamshi ya huko, limo tangu ukoloni. Wabelgiji walikuwa nalo katika Kifaransa chao, na Katanga likaongezewa nguvu kutoka kusini. Reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ilitokea Rhodesia, ikaja na mafundi na wachuuzi wa Kiingereza. Ikafika Bukama mwaka 1918, na kufikia 1928 ilikuwa imeshapita Kamina hadi Port-Francqui, sasa Ilebo.

Penye stesheni pakawa na nyumba za Wazungu, na penye nyumba hizo pakawa na boyi: apike, afue, apige pasi. Mara nyingi alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, pengine amempita bwana wake kwa umri. Mtaani aliitwa papa. Jikoni kwa Mzungu, boyi. Nyuma ya nyumba alijengewa chumba, nacho kikaitwa boyerie, yaani "boy" aliyevishwa mkia wa Kifaransa. Neno hilo Kongo bado lipo. Hata msaidizi wa dereva wa lori huitwa boy-chauffeur, ndugu yake taniboi wa Tanzania.

Maboyi wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa maoni yangu hakuna hati ya mji huo inayostahili kusomwa zaidi: waliofua mashuka ndio wanaosimulia.

Kwingineko neno lilitembea vilevile. Ferdinand Oyono wa Kamerun alilitia katika jina la riwaya yake, "Une vie de boy", mwaka 1956. Japani "boi" ni mhudumu wa hoteli au mkahawa. Marekani lilikuwa tusi kwa mwanamume mweusi wa umri wowote, na wazoa taka wa Memphis walipogoma mwaka 1968, mabango yao yalisema kwamba wao ni wanaume. Basi msomaji, ukizungumza Kiingereza ugenini, "boy" liache kwa watoto. Mtu mzima muulize jina lake.