Mwaka wa Kwanza Wodini: Afya ya Muuguzi Mpya ni Sehemu ya Usalama wa Mgonjwa

Mhitimu wa uuguzi anapopokea leseni yake ya kwanza huwa amekwisha kuthibitisha kwamba anajua kupima, kuchoma sindano, kufunga kidonda, kuzalisha na kutunza kumbukumbu za mgonjwa. Jambo ambalo mitihani huligusa kwa nadra ni namna atakavyoulinda mwili wake na moyo wake katika miezi 12 ya mwanzo kazini. Wengi huanza kazi wakiamini kwamba muuguzi mwema ni yule asiyechoka, asiyeogopa na asiyelalamika. Imani hiyo ina madhara. Uchovu, woga na huzuni ya mwaka wa kwanza vina vyanzo vinavyojulikana, na vingi vina kinga. Muuguzi anayevitaja mapema hujikinga yeye na mgonjwa wake; anayevificha huwaweka wote wawili hatarini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo inamhusu mtoa huduma kama inavyomhusu mpokea huduma.

Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambazo toleo lake la karibuni lilitolewa mwaka 2021, zinahesabu afya na ustawi wa muuguzi kuwa miongoni mwa wajibu wake wa kitaaluma. Kujitunza, basi, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mshtuko wa kuingia kazini

Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Marlene Kramer, alichapisha kitabu kuhusu sababu zinazowafanya wauguzi waiache kazi yao. Alieleza kwamba muuguzi mpya hupitia vipindi vinne. Kwanza ni kipindi cha fungate, ambapo kila kitu kinapendeza: sare mpya, mshahara wa kwanza, heshima ya kuitwa muuguzi. Kisha huja mshtuko, pale anapogundua kwamba wodi haifanani na alivyofundishwa. Baada ya hapo hupata nafuu na kuanza kuziona pande zote mbili za kazi, na mwishowe hufikia utulivu na kuchagua namna yake ya kufanya kazi. Vipindi hivi havilingani kwa kila mtu, lakini kuvijua kunasaidia. Anayelia njiani akirudi nyumbani katika mwezi wa tatu aelewe kwamba yuko katika kipindi ambacho wengi kabla yake wamekipita.

Chanzo cha mshtuko huo si kigumu kukieleza. Chuoni mwanafunzi hupewa mgonjwa mmoja au wawili, mwalimu akiwa karibu, na hufundishwa kila hatua kana kwamba vifaa vyote vipo. Kazini hukabidhiwa wodi yenye wagonjwa wengi, ndugu wanaouliza maswali, simu inayolia, na pengine glavu zinazokaribia kuisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa mno ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo muuguzi mpya wa nchi zetu mara nyingi huingia mahali ambapo wenzake wenye uzoefu ni wachache na wana shughuli nyingi.

Mtaalamu mwingine wa uuguzi, Patricia Benner, alionesha mwaka 1984 kwamba ujuzi wa muuguzi hukua kwa ngazi tano, kutoka mwanagenzi hadi mbobezi, na kwamba umahiri wa kawaida huhitaji takriban miaka miwili hadi mitatu katika mazingira ya aina moja. Muuguzi mwenye miezi minne anayejilinganisha na mwenzake mwenye miaka kumi na tano anatumia kipimo kisicho chake.

Kuuliza ni kinga ya kwanza

Woga mkubwa wa muuguzi mpya ni kuonekana hajui. Woga huo humfanya akadirie dozi badala ya kuithibitisha, au asite kumwita daktari usiku. Kuuliza si ujinga. Kwa dawa zenye hatari kubwa, kama vile insulini, hepari, potasiamu ya mshipani na magnesiamu salfeti, kumwomba mwenzake akague hesabu kabla ya kuitoa dawa ni utaratibu wa usalama kwa mwenye uzoefu kama kwa asiye nao.

Kumwita daktari nako kuna mpangilio unaopunguza kigugumizi. Hutajwa mambo manne kwa mfuatano: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini ya muuguzi, na pendekezo. Tuchukue mfano wa wodi ya wazazi: "Daktari, mama wa kitanda namba 6 anatoka damu nyingi. Huu ni uzazi wake wa nne, na amejifungua kwa njia ya kawaida saa mbili zilizopita. Shinikizo la damu limeshuka kutoka 120/70 hadi 90/50, mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, na mji wa mimba ni laini, nadhani haujabana. Nimeita msaada, ninausugua mji wa mimba, na tumeanza oksitosini na dripu kwa mujibu wa mwongozo. Naomba uje sasa hivi." Maneno hayo huchukua chini ya dakika moja. Yanaokoa maisha ya mama, na pia humwondolea muuguzi mzigo wa kubeba uamuzi mzito peke yake.

Usingizi na zamu ya usiku

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, inayoongozwa zaidi na mwanga wa jua. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri joto la mwili hushuka, umakini hupungua, na makosa huwa rahisi kutokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa kutenda kwa kiasi kinacholingana na kuwa na asilimia 0.05 ya kileo katika damu, kiwango ambacho katika nchi kadhaa dereva haruhusiwi kuendesha gari. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda na shughuli za nyumbani na kuingia zamu ya usiku bila kulala, hufikia hali hiyo ifikapo saa 5 usiku, kabla hata ya dawa za usiku wa manane.

Ni vyema, basi, alale walau saa moja na nusu mchana kabla ya zamu ya kwanza ya usiku. Kahawa na chai ya rangi zinywewe mwanzoni mwa zamu, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano na huweza kuharibu usingizi wa asubuhi. Hesabu ngumu za dozi zinazoangukia alfajiri zikaguliwe na watu wawili. Akifika nyumbani, alale katika chumba kilichotiwa giza, simu ikiwa imezimwa, na jamaa wafahamishwe kwamba usingizi wa mchana kwake ni usiku.

Sindano, homa ya ini na mgongo

Kuchomwa na sindano iliyotumika ni ajali ambayo hutokea zaidi mikono inapokuwa na haraka. Sindano isirudishiwe kifuniko chake. Itupwe moja kwa moja katika sanduku la usalama, na sanduku lifungwe linapojaa robo tatu. Ajali ikitokea, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kukamuliwa na bila kutiwa jiki. Kisha taarifa itolewe papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa chache. Zisicheleweshwe kupita saa 72, na hutumiwa kwa siku 28. Baada ya kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu aliyeambukizwa, hatari ya kupata VVU ni takriban 3 kati ya 1,000. Hatari ya homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa yaweza kufikia 30 kati ya 100. Tofauti hiyo inaonesha kwa nini chanjo ya homa ya ini haina budi kukamilishwa mapema: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Wapo wanaoficha ajali kwa kuogopa kulaumiwa au kupimwa. Ukimya huo huwanyima dawa wakati ambapo dawa ingefaa.

Mgongo nao huumia taratibu. Mgonjwa asiyejiweza asinyanyuliwe na mtu mmoja. Kitanda kikiwa na uwezo wa kupandishwa, kipandishwe. Shuka litumike kumsogeza. Magoti yakunjwe badala ya kiuno. Na mwenzake aitwe hata kama atachelewa kwa dakika mbili.

Moyo nao huchoka

Kifo cha kwanza cha mgonjwa, hasa mtoto mchanga au mama mzazi, hubaki kwa muda mrefu katika kumbukumbu ya muuguzi. Huzuni hiyo ni ya kawaida. Inapokosa mahali pa kusemwa, hugeuka kuwa lawama dhidi ya nafsi au ukavu wa moyo mbele ya wagonjwa wengine. Dakika kumi za kikao cha wodi baada ya tukio, ambapo wahusika hueleza kilichotokea bila kutafuta wa kulaumiwa, huwapa nafasi ya kujifunza na kupumua. Hali kadhalika baada ya kosa la kitabibu: mgonjwa huhudumiwa kwanza, kosa huripotiwa, na aliyelitenda husaidiwa. Mwaka 2000 daktari Albert Wu alimwita mtoa huduma wa namna hiyo mwathirika wa pili, kwa kuwa naye huumia.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu uliokithiri wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kifikra na kazi au kuichukia, na kuona kwamba ufanisi umepungua. Hali hiyo hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Itofautishwe na sonona, ambayo huendelea hata siku za mapumziko: majonzi au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na hamu ya kula. Mwenye dalili hizo amwone mtaalamu wa afya ya akili. Mwenye mawazo ya kujidhuru atafute msaada siku hiyo hiyo.

Nyumbani na mtaani

Muuguzi mpya huwa pia muuguzi wa ukoo na wa mtaa. Hupigiwa simu usiku kuhusu homa ya mtoto wa shangazi. Jirani humletea sindano ya kuchomwa sebuleni. Na ndugu huuona mshahara wake wa kwanza kuwa jawabu la madeni ya miaka mingi. Si rahisi kukataa mbele ya wazee, lakini upo mpaka unaoweza kuwekwa kwa adabu: "Mama, dawa hii ikileta shida hapa nyumbani sina cha kukuokolea, twende kituoni, nitakusindikiza." Katika fedha, ahadi ndogo inayotimizwa kila mwezi ni bora kuliko ahadi kubwa inayozaa mikopo. Aliyepangiwa kituo cha mbali na kwao atahitaji pia watu wasio wa kazini: kwaya, darsa, timu ya mpira au kikundi cha kuweka akiba.

Wajibu wa wanaompokea

Muuguzi mpya hawezi kuyatimiza haya peke yake. Muuguzi mfawidhi anaweza kumpangia mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, kuepuka kumwacha peke yake katika zamu ya usiku wiki za mwanzo, kuhakikisha amechanjwa kabla ya kugusa sindano, na kuketi naye mwishoni mwa mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita kumwuliza anaendeleaje. Hatua hizi zinahitaji muda na mpangilio kuliko fedha. Wodi inayomkemea anayeuliza hufundisha watu kunyamaza, na wodi ya watu walionyamaza huchelewa kugundua kwamba mgonjwa anazidiwa.

Muuguzi anayeanza kazi leo, akilindwa na akajilinda, anaweza kuwahudumia wagonjwa kwa zaidi ya miaka 30. Msingi wa miaka hiyo huwekwa katika mwaka wa kwanza: anapolala, anapochanjwa, anapoomba msaada, na anapopata wa kumsikiliza.