Ukungu dirishani ni onyo kwa mwenye magunia

MFANYABIASHARA anayetafuta stoo Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, huanza na paa na kufuli. Paa halivuji, kufuli inafunga, bei imekubalika, analipa. Dirisha hulitazama magunia yakiwa yameshapangwa, na hapo ndipo anapoona madoa meusi kwenye kona za fremu na utelezi wa kijani chini ya kioo.

Nyumba hizi za zamani ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, na mvua zikianza Septemba huendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi Mei. Kioo hupoa kabla ya ukuta. Mvuke wa chumbani, uwe wa pumzi, wa sufuria, wa nguo zilizoanikwa ndani au wa mahindi ambayo hayajakauka, ukikigusa hugeuka maji. Matone hushuka hadi kwenye ubao wa chini, hukutana na vumbi na rangi iliyopasuka, na kuvu hupata maji na chakula mahali pamoja.

Wengi hufuta kwa kitambaa kikavu. Ni kosa, kwa sababu vumbi la kuvu hutawanyika chumba kizima, yakiwemo magunia. Mzigo utolewe kwanza, mlango ufunguliwe, pua na mdomo vifunikwe, na madoa yaloweshwe kabla ya kusuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni. Kwenye kioo, jiki kikombe kimoja kwa lita nne za maji hutosha. Fremu ya chuma isuuzwe vizuri na kukaushwa, maana jiki huila. Ubao ni shughuli nyingine: jiki hufuta doa juu, kuvu hubaki ndani. Siki nyeupe iachwe juu yake kwa saa moja, kisha ubao ukauke kabisa ndipo upakwe rangi. Rangi kuukuu ipigwe msasa ikiwa mbichi kwa maji, kwani nyingi za zamani zilikuwa na risasi. Siki na jiki zisichanganywe hata kidogo. Hewa inayotoka huumiza mapafu.

Kazi hiyo haifiki mbali kama maji yanaendelea kuingia. Puti iliyopasuka pembeni mwa kioo, kigae kilichosogea juu ya dirisha, udongo uliopanda hadi usawa wa matofali ya chini: hivyo ndivyo vya kumwonyesha mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi, si baada.

Kuvu ya dirishani si lazima iwe ile inayotengeneza sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Lakini zote hutegemea unyevu, na dirisha huonyesha kwa macho kile ambacho gunia huficha. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kupika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu yake. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, kwa sharti la cheti cha kila shehena. Burundi, mwanachama wa Jumuiya tangu 2007, haikutajwa, ila anayevusha mzigo Kobero, upande wa Muyinga, kuelekea Kabanga anapimwa kwa viwango hivyo hivyo.

Saa nzuri ya kukagua stoo ni alfajiri, msimu wa mvua, kabla mwenyeji hajafungua madirisha. Kiganja kikitoka kwenye kioo kimelowa, mzigo usubiri. Na ukishaingia, ukae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, wala usiegemezwe kwenye dirisha.