Suti ya kuazimana: kwa nini usiirudishe ikiwa imefuliwa

Msikilizaji wetu mmoja wa Lusu, wilayani Nzega, alitupigia simu akiwa na jambo linalomkera. Ana suti moja nyeusi aliyoinunua mnadani kwenye mitumba. Wadogo zake wote wameivaa katika harusi zao, na kila mmoja aliirudisha ikiwa imefuliwa kwa sabuni ya unga na kunyooshwa. Sasa yeye mwenyewe anamuoza binti yake baada ya mavuno. Ameitoa suti kwenye sanduku, akakuta kifuani imevimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Akauliza: je, niliuziwa feki?

Hapana, kaka. Suti hiyo imeharibiwa na heshima. Kwetu, ukiazima nguo ya mtu unaifua kabla ya kuirudisha, la sivyo utaonekana umemdharau. Kwa shati desturi hiyo ni nzuri. Kwa koti la suti ni hasara.

Koti lina nguo ya nje unayoiona, lina bitana kwa ndani, na katikati, kifuani na kwenye kola, kuna kitambaa kigumu kinacholifanya likae vizuri mwilini. Katika suti nyingi za bei nafuu kitambaa hicho kimebandikwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Ukililoweka koti kwenye beseni, ukalikamua, kisha ukaliwekea pasi kali, gundi inaachia hapa na pale, na pale ilipoachia ndipo panapovimba. Fundi anaweza kujaribu kuibandika tena kwa pasi na kitambaa kibichi, lakini mara nyingi uvimbe hurudi.

Kwa hiyo koti lisiloweshwe. Ukitoka shughulini litundike kwenye henga nene, kivulini, penye upepo, hadi kesho yake. Jasho likauke lenyewe. Kisha lipige burashi kutoka juu kwenda chini, maana vumbi letu la kiangazi likikaa kwenye nyuzi huzisaga kidogo kidogo. Kola yenye uchafu ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya kipande, halafu uifute tena kwa kitambaa kisicho na sabuni. Mafuta ya pilau yakidondoka, usiyasugue kwa maji. Nyunyizia unga wa mahindi au poda, acha usiku kucha, asubuhi kung'uta. Wapo wanaotoa madoa kwa petroli ya chupa, ile ya bodaboda. Tafadhali msifanye hivyo. Nguo yenye mvuke wa petroli ikikutana na pasi ya mkaa inawaka, na nyumba pia.

Suruali ni tofauti kidogo. Ikiwa ni ya polista unaweza kuifua kwa mkono na maji ya baridi. Ya sufi hujikunja na kuwa fupi ukiisugua au ukitumia maji ya moto. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome ukiwa mbali na nguo. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufi. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni polista. Suti nyingi zimechanganywa nyuzi hizo mbili, na hizo zitendee kama sufi.

Kuhusu pasi ya mkaa: ipeleke nje kwanza, uipepee majivu yatoke, uijaribu kwenye kitambaa kizee. Juu ya suti weka kitambaa cheupe cha pamba kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Kanga mpya itachuja rangi. Usikokote pasi. Bonyeza, inua, sogea. Pasi ikigusa suti moja kwa moja inaacha mng'ao usiotoka, hasa magotini na makalioni.

Tabora imejua thamani ya nguo tangu enzi za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba majora ya merikani kutoka pwani, na nguo hizo zikalipa ujira na hongo za njiani. Mali ya namna hiyo haikuachwa sakafuni. Nanyi sanduku la suti liwekeni juu ya matofali, mbali na ukuta wa udongo, mchwa na unyevu visilifikie. Wakati wa masika litoeni koti kila baada ya wiki chache lipate hewa, maana koga huanza kwapani. Ukisafiri kwa bodaboda, geuza koti ndani nje, bega moja liingie ndani ya jingine, liweke mfukoni, ulivae ukishafika.

Na mnapoazimana, semeni mapema: "Nirudishie bila kufua." Mwazimaji akitaka kuonyesha heshima, alipige burashi, afute kola, alete na henga mpya. Mpigaji wetu tumemshauri ampelekee fundi koti lake wiki hii, harusi ikiwa bado mbali, ili likishindikana apate muda wa kuzunguka minadani kutafuta jingine.