Tonado, Ubao na Msumari: Kweli au Uongo?

"Tonado humuua mtu kwa kumnyanyua na kumbwaga."

Wapo waliokufa hivyo, lakini wengi huuawa na vitu vinavyopeperushwa. Tonado kali kabisa huvuma kwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Kwa kasi hiyo ubao wa paa ni mkuki, bati ni panga, na kokoto za barabarani huzama mwilini kama risasi. Tarehe 22 Mei 2011 tonado iliupiga mji wa Joplin, Missouri, nchini Marekani, ikaua watu wapatao 158. Siku chache baadaye madaktari walikuta majeraha yakioza kwa namna wasiyoitarajia. Vibanzi vya mbao na udongo vilikuwa vimeingiza fangasi ndani kabisa ya nyama. Waliougua walikuwa 13, na 5 kati yao walifariki. Upepo ulikuwa umetulia zamani.

"Fungua madirisha, la sivyo nyumba itapasuka kwa mgandamizo wa hewa."

Uongo, tena wa hatari. Nyumba haipasuki kama puto. Upepo huingia kwa nguvu, hung'oa paa, kisha kuta zilizokosa kishikizo huanguka. Anayehangaika na madirisha anapoteza dakika zake akiwa amesimama mbele ya vioo.

"Ukiwa barabarani, jibanze chini ya daraja."

Huu ndio uongo unaoniumiza zaidi, kwa sababu ulienezwa na picha ya kweli. Mwaka 1991, huko Kansas, wapiga picha wa televisheni na wasafiri wengine walijificha chini ya daraja, wakatoka salama. Video yao ilionyeshwa kila mahali, watu wakaiga. Tarehe 3 Mei 1999, Oklahoma, watu watatu waliokimbilia chini ya madaraja waliuawa. Upepo ukibanwa kwenye uwazi mwembamba huzidi kasi, na takataka zote hupitia hapo hapo ulipojikunyata.

"Tonado haivuki mto."

Ile ya 18 Machi 1925 iliuvuka Mississippi kutoka Missouri, ikapita Illinois hadi Indiana. Iliua watu 695.

"Ni kimbunga tu, kama Hidaya."

Lugha inatuchanganya, maana redio zetu huziita zote kimbunga. Hidaya ya Mei 2024 ilitoka baharini na tulitahadharishwa siku kadhaa kabla. Tonado huzaliwa ndani ya wingu la radi, na onyo lake kwa kawaida ni la dakika chache. Mji wa Bowling Green, Kentucky, walikohamia Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, ulipigwa usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, watu wakiwa wamelala.

"Kaa chumba cha ndani, chini kabisa ya nyumba."

Kweli. Kila ukuta unaokutenga na nje hupunguza mwendo wa ubao unaokujia. Choo au stoo isiyo na dirisha inafaa. Nyumba ya trela haifai hata ikiwa imefungwa ardhini, kwa hiyo anayekaa humo ahamie kwenye jengo imara mapema. Kwa ndugu zetu walioko Marekani: usiku simu isizimwe sauti, na viatu viwe karibu na kitanda, maana ukitoka kwenye kifusi gizani unakanyaga misumari.